Wawolofu na Sisi wa Juja



Mji huu una simulizi ambayo wengi wenu mmeisikia. Inasemwa kwamba jina Juja lilitokana na sanamu mbili, Ju na Ja, alizozileta kutoka Afrika Magharibi William Northrup McMillan, yule tajiri Mmarekani aliyekuwa na shamba kubwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye kaburi lake liko Kilimambogo. Simulizi ni simulizi. Lililo kweli ni kwamba leo Afrika Magharibi imo Juja, wala haikuletwa na mzungu ndani ya sanduku. Mwaka 2011 Umoja wa Afrika ulizindua chuo chake, Pan African University, na taasisi zake zikagawanywa barani: moja Ibadan, moja Yaoundé, moja Tlemcen kule Algeria, na ile ya sayansi za msingi, teknolojia na ubunifu ikapewa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, hapa tulipo. Tangu hapo wanakuja vijana wa pembe zote za Afrika, wakiwamo wa Senegal na Gambia, na wengi wao Kiwolofu ndicho kinachowatoka wakigutuka usingizini.

Tunawaona Gate C wakinunua ndizi. Wamejua kusema "sasa" na "poa", wamejua kumwambia makanga "shukisha hapo mbele". Sisi tumejifunza nini kutoka kwao? Tukikaa nao tunasema Kiingereza, lugha ambayo Wasenegali walijifunza juu ya Kifaransa, na Kifaransa chenyewe walikipata darasani. Kati ya Mwolofu na Mkikuyu wanaokaa chumba kimoja wamesimama wageni wawili wa Ulaya wakitafsiri.

Nimekuja kusema jambo moja. Kiwolofu na Kiswahili ni lugha mbili kubwa, kila moja imeshika upande wake wa bara, na zinafanana kuliko tunavyodhani. Kwamba hadi leo zikitaka kusemezana lazima zipitie Paris na London ni hasara kwetu sote. Njia ya moja kwa moja yaweza kukatwa, na Juja pana watu wa kuianza.

Wawolofu ni watu wa Senegal, na wengine wako Gambia na Mauritania. Nchi yao ya asili ni ile tambarare kavu kati ya mto Senegal na mto Gambia, nchi ya mchanga, mibuyu na uwele. Masimulizi yao yanamtaja Njaajaan Njaay kuwa ndiye aliyeianzisha dola ya Jolof, iliyozitawala Waalo, Kajoor, Bawol, na pia Siin na Saluum za Waserer. Mwaka 1549 Kajoor iliishinda Jolof katika vita vya Danki, na dola ikasambaratika kuwa falme zilizosimama kila mmoja peke yake. Wareno walikuwa wamekwisha kufika pwani, Wafaransa wakajenga Saint-Louis mwaka 1659, na biashara ya watumwa ikazila falme hizo kwa zaidi ya miaka mia mbili. Wakati huo wote wanawake wa koo za kifalme, waliopewa cheo cha lingeer, walikuwa na mamlaka yao wenyewe. Ndate Yalla Mbodj aliitawala Waalo kuanzia 1846 mpaka gavana Mfaransa Faidherbe alipoivamia na kuitwaa mwaka 1855.

Naomba nisimame kidogo kwa Lat Joor, mfalme wa Kajoor, kwa sababu kisa chake mnakijua tayari kwa jina jingine. Wafaransa walitaka reli kutoka Dakar hadi Saint-Louis, katikati ya nchi yake, ili karanga za Wawolofu zifike melini upesi. Lat Joor aliona kwamba reli hiyo ndiyo itakayomla. Alikataa, akapigana, akafukuzwa, akarudi. Reli ilimalizika 1885, naye akauawa Dekheulé mwezi wa Oktoba 1886. Hapa kwetu, Kimnyole, Orkoiyot yaani kiongozi wa kiroho wa Wanandi, alikuwa amewaonya watu wake kuhusu nyoka wa chuma, na mwanawe Koitalel arap Samoei akaipinga reli ya Waingereza kwa miaka, mpaka afisa Mwingereza Meinertzhagen alipompiga risasi Oktoba 1905 katika mkutano ulioitwa wa amani. Lat Joor na Koitalel hawakuwahi kusikiana. Mtoto wa shule wa Kenya anamjua Koitalel na mtoto wa Senegal anamjua Lat Joor. Ningependa mwalimu mmoja, huku au kule, awafundishe wote wawili katika kipindi kimoja, maana mbinu iliyowamaliza ni moja: reli, zao la biashara la kubebwa nayo, na bunduki ya kuilinda. Wazee wa Kiambu waliolima kahawa ya mzungu huku wao wenyewe wakikatazwa kuipanda hawahitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya wafalme kushindwa, Wawolofu wengi walimkimbilia mtu asiyekuwa na jeshi. Sheikh Amadou Bamba, aliyezaliwa Mbacké yapata 1853, aliwafundisha wafuasi wake ibada na kazi ya mikono, hasa kilimo. Wafaransa waliogopa umati uliomfuata. Mwaka 1895 wakampeleka uhamishoni Gabon, akakaa huko mpaka 1902. Haukupita muda wakamhamishia Mauritania. Alifariki 1927 na kuzikwa Touba, mji alioasisi mwenyewe, na leo kila tarehe 18 ya mwezi wa Safar mamilioni ya wafuasi wake, Wamuridi, hukusanyika pale kwa sherehe ya Magal. Siku wanayoiadhimisha ni ile aliyopelekwa uhamishoni. Wangeweza kuchagua siku aliyorudi. Wakachagua siku ya mtihani. Mtu wa Lamu anayejua maana ya kusafiri kwenda Maulidi kwenye Msikiti wa Riyadha ataelewa moyo wa msafara huo mara moja, ingawa tarika ni nyingine na umati ni mkubwa mara nyingi.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye maandishi. Watu wengi, hata wasomi, husema kwamba lugha za Kiafrika hazikuandikwa mpaka wamisionari walipokuja. Waswahili tunajua si kweli: nakala ya Utendi wa Tambuka iliandikwa Pate mwaka 1728 kwa herufi za Kiarabu, na Mwana Kupona akamwandikia binti yake utendi kwa herufi hizo hizo katikati ya karne ya 19. Wawolofu walikuwa na jambo lilelile, wao wanaliita wolofal. Walizichukua herufi za Kiarabu, wakaziongezea nukta kwa ajili ya sauti ambazo Mwarabu hana, wakaandika mashairi, hesabu za duka, barua za mapenzi, dawa na nasaba. Mshairi Muusaa Ka, mfuasi wa Bamba, alisimulia kwa tenzi ndefu za Kiwolofu safari ya uhamishoni ya sheikh wake. Hadi leo ukienda Touba au Diourbel utaona vibao vya maduka vilivyoandikwa hivyo. Mwenye duka huyo, katika takwimu za serikali iliyohesabu Kifaransa tu, aliwekwa kwenye safu ya wasiojua kusoma.

Sasa lugha yenyewe. Nitakaa hapa, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Wanafunzi wa Kenya mnazijua ngeli kwa machozi ya mtihani. Basi jueni kwamba Mwolofu naye anazo: nane za umoja na mbili za wingi. Wanaisimu wengi huziweka lugha zetu mbili katika jamii moja kubwa ya Niger-Kongo, yetu katika tawi la Kibantu na yao katika tawi la Atlantiki pamoja na Kiserer na Kifulani. Tofauti ni mahali ngeli inapokaa. Kiswahili kinaiweka mbele ya jina na kuirudia kwenye kila neno linalofuata. Kiwolofu kinaiweka nyuma, kwenye kiambata kinachofuata jina: garab gi ni mti, ndox mi ni maji, jigéen ji ni mwanamke, fas wi ni farasi, suuf si ni mchanga, xale bi ni mtoto. Irabu ya mwisho nayo ina kazi. Kër gi ni nyumba iliyo karibu nami, kër ga ni nyumba ile ya kule. Maneno ya kigeni yakiingia, mengi hutupwa kwenye ngeli ya bi, kama sisi tunavyoyatupa kwenye I-ZI. Na ipo ngeli moja ndogo sana, ya ki, ambayo karibu maneno yake yote ni mawili tu: nit, mtu, na këf, kitu. Mswahili anayejua kwamba mtu na kitu kwake yanatoka kwenye shina moja lazima atabasamu.

Vitenzi ndivyo vilivyonishangaza zaidi. Sisi tuna pika na pikia. Wao wana togg na toggal. Sisi tuna penda na pendana. Wao bëgg na bëggante. Halafu kuna kile kinyambuo chetu cha kutendua, funga na fungua, kunja na kunjua, ambacho tumezoea kukiona kuwa ni hazina ya Kibantu peke yake. Kiwolofu kina ub, kufunga mlango, na ubbi, kuufungua. Lem, kukunja, na lemmi, kukunjua. Takk, kufunga kamba, na tekki, kuifungua. Mwanafunzi wa Thika anayejifunza Kiwolofu kupitia Kiingereza ataambiwa haya ni mambo ya ajabu yanayohitaji maelezo ya kurasa nzima. Akifundishwa kwa Kiswahili ataelewa kabla mwalimu hajamaliza mfano wa pili.

Penye ugumu ni kwingine. Mwolofu hakwambii tu kwamba tendo limetendeka. Sarufi yake inamlazimu aonyeshe uzito wa habari uko wapi. Lekk naa ni nimekula, habari ya kawaida. Maa lekk ni mimi ndiye niliyekula, si mwingine. Ceeb laa lekk ni wali niliokula, si kitu kingine. Dama lekk ni jibu la anayeeleza kisa: mbona hutaki chakula? Ni kwamba nimekula. Kiswahili kina njia zake za kusema yote hayo, kwa ndiye na ndicho na kwa mkazo wa sauti, lakini tunaweza kuziacha. Mwolofu haruhusiwi kuziacha. Kila akifungua kinywa huwa amekwisha kuamua anajibu swali gani.

Kuhesabu kwao ni kwa tano. Benn, ñaar, ñett, ñeent, juróom. Halafu sita ni juróom-benn, tano na moja, mpaka kumi, fukk. Sisi tuliziazima sita, saba na tisa kwa Waarabu. Sokoni Dakar hesabu hiyo inaingia kwenye pesa: bei hutajwa kwa dërëm, na dërëm moja ni franki 5. Ukiambiwa mia, toa franki 500. Mgeni hulipa kidogo na kugombezwa mpaka azoee. Wazee waliopo hapa wanaokumbuka kusema paundi wakimaanisha shilingi 20, na serikali kusoma bajeti kwa paundi hizo, hawatapata shida.

Na salamu! Mwolofu akiulizwa hali, Nanga def, anajibu Maa ngi fi rekk: nipo hapa tu. Ni jibu lilelile la mzee wa Pwani, nipo. Kisha anaulizwa watu wa nyumbani, anajibu wapo. Anaulizwa kazi, anaulizwa amani. Katikati ya maswali hayo kila mmoja humtajia mwenzake jina la ukoo: Njaay! Jóob! Njaay! Kulitaja jina la ukoo ni kuwasalimu wote waliolibeba kabla yake. Vijana wa Juja mnaosalimiana kwa "niaje" moja na kupita, simameni siku moja muwatazame Wasenegali wawili wakikutana kwenye lango la bweni. Muda wanaoutumia si wa kupotea.

Jina hilo la ukoo lina kazi nyingine tamu. Mtu wa ukoo wa Ndiaye, yaani Njaay, na mtu wa ukoo wa Diop, yaani Jóob, ni watani, hata kama hawajaonana kamwe. Atamwita mtumwa wake, atamwambia anakula wali mwingi mno, na mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Waserer na Wajola wanataniana hivyo kabila kwa kabila. Watanzania waliopo hapa wanajua tunazungumza nini: ndio utani wa Wangoni na Wahehe, waliopigana vita kisha wakawa watani, wenye haki ya kutukanana hata msibani. Sisi Wakenya tuna mizaha ya kikabila lakini hatuna watani, na mzaha usio na utani nyuma yake huuma. Kama kuna jambo la kuwaomba Wawolofu na Watanzania watufundishe pamoja, ni hilo.

Kuhusu chakula nitasema kidogo, maana hii ni saa mbaya ya kusikia habari za wali. Ceebu jën, wali wa samaki uliozaliwa Saint-Louis, ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hupikwa kwa mchele wa chenga, uliozoeleka tangu meli za Kifaransa zilipoanza kuuleta kutoka Indochina, kwa samaki mbichi na mkavu, nyanya, muhogo, karoti, kabichi na bilinganya, na huliwa kwenye bakuli moja kubwa, kila mtu upande wake, kama sinia ya Pwani. Wali wa jollof ambao Wanigeria na Waghana wanagombania kila siku unabeba jina la dola ileile ya Jolof. Mchele wa Mwea una harufu nzuri, lakini Msenegali ataukataa kwa ceebu jën. Anataka chenga, kwa sababu chenga hunywa mchuzi.

Narudi kwenye lugha na mamlaka. Kiwolofu kilikuaje kikubwa? Wawolofu wenyewe ni chini ya nusu ya Wasenegali, lakini Wasenegali walio wengi wanakisema. Hakikusukumwa na serikali. Kilisafiri na wachuuzi wa karanga, kikakaa bandarini Dakar, kikaingia kwenye tarika, kwenye ngoma za sabar na baadaye muziki wa mbalax wa Youssou N'Dour, na redio za binafsi zilipofunguliwa miaka ya 1990 kikapata taarifa ya habari, kama Kikuyu kilivyopata Kameme mwaka 2000. Dakar kimechanganyika na Kifaransa vibaya au vizuri, inategemea unamuuliza nani. Mchanganyiko huo unafanana na Sheng kwa sura, ila Sheng bado tunaiita ya vijana, na kule daktari na waziri huchanganya vilevile.

Shuleni hakikupewa nafasi ya Kifaransa. Na hili linauma zaidi ukijua kwamba mwalimu Mfaransa Jean Dard alifungua shule Saint-Louis mwaka 1817 akiwafundisha watoto kwa Kiwolofu kwanza, akatunga kamusi na sarufi yake. Baada yake wakuu wa koloni walichagua Kifaransa tupu. Wajerumani na Waingereza huku kwetu walikuwa wakoloni wale wale, lakini walikihitaji Kiswahili kwa ofisi na jeshi. Ndiyo maana 1928 Waingereza walikutana Mombasa kuamua lahaja ya kusanifisha, wakachagua Kiunguja na kuwaacha watu wa Mombasa na kinyongo chao hadi leo. Ukuu wa Kiswahili cha leo kwa sehemu ni matunda ya manufaa ya wengine. Kiwolofu hakikupata hata hayo. Katika katiba ya Senegal Kifaransa ndicho rasmi, Kiwolofu ni moja ya lugha za taifa. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 7, inakipa Kiswahili vyote viwili, utaifa na urasmi. Halafu sisi wenye vyote viwili ndio tunaoandikiana barua za kikao cha wazazi kwa Kiingereza.

Mwaka ninaoukumbuka kwa uchungu ni 1977. Ousmane Sembène, mpakuzi wa zamani wa bandari ya Marseille aliyekuwa mwandishi mkubwa wa Kifaransa, alikuwa ameamua kutengeneza filamu ili wasiosoma Kifaransa wamsikie. Mandabi ya 1968 ilizungumza Kiwolofu. Mwaka 1971 yeye na Pathé Diagne walianzisha gazeti la Kiwolofu, Kaddu. Kisha 1977 ikaja filamu yake Ceddo, na serikali ya Rais Senghor ikaipiga marufuku kwa sababu rasmi ya tahajia: sheria ilitaka d moja, Sembène aliandika mbili. Msicheke. Kwa Kiwolofu konsonanti fupi na ndefu hutofautisha maana. Bët ni jicho, bëtt ni kutoboa. Sembène alikuwa anatetea sikio la watu wake, ingawa wengi waliamini kilichowaudhi wakuu ni namna filamu ilivyoonyesha kuingia kwa Uislamu. Mwaka huohuo, katika kaunti hii yetu ya Kiambu, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walicheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kikuyu, serikali ikaufuta mchezo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa siku ya mwisho ya Desemba. Katika gereza la Kamiti, mwendo mfupi kutoka Ruiru, aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za choo. Na mwaka huohuo, kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos, Wole Soyinka alikuwa akitoa wito kwamba Kiswahili kiwe lugha ya bara zima. Serikali mbili zilizokuwa huru zilikuwa zinaziogopa lugha za raia wake zikitoka jikoni kwenda jukwaani.

Miaka 21 baadaye Afrika Mashariki ilimbadilisha mwandishi wa Kiwolofu. Mwaka 1998 Boubacar Boris Diop alikwenda Rwanda pamoja na waandishi wengine kuandika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994. Alitoka na riwaya Murambi, iliyochapishwa 2000 kwa Kifaransa. Lakini yale aliyoyaona, pamoja na sehemu ya Ufaransa katika yale yaliyotokea, yalimfanya ashindwe kuendelea kana kwamba Kifaransa ni lugha kama nyingine. Mwaka 2003 alitoa Doomi Golo, riwaya ya Kiwolofu. Baadaye akaanzisha mfululizo wa vitabu vya tafsiri uitwao Céytu, jina la kijiji alikozaliwa Cheikh Anta Diop, na mwaka 2016 humo ikatoka kwa Kiwolofu riwaya ya Mariama Bâ ambayo wengi wenu mmeisoma kwa Kiswahili katika tafsiri ya Clement Maganga, Barua Ndefu Kama Hii. Mwanamke wa Dakar aliandika kwa Kifaransa habari za mjane wa Dakar, na leo Mwolofu na Mswahili wanaweza kumsoma kila mmoja kwa lugha yake. Hatujafika mbali, lakini hatuko sifuri.

Cheikh Anta Diop ananifaa hapa kwa sababu chuo hiki ni cha kilimo na teknolojia, na najua baadhi yenu mmekaa mkisema: lugha ni mambo ya watu wa fasihi. Yeye alikuwa mwanafizikia, mwenye maabara ya kaboni mionzi Dakar. Katika Nations nègres et culture cha 1954 alitafsiri kwa Kiwolofu dhana za hisabati na fizikia, pamoja na maelezo ya nadharia ya uhusianifu ya Einstein. Alitaka kumwonyesha anayesema lugha zetu hazibebi sayansi kwamba tatizo ni uvivu wa wabebaji. Kwetu, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Nawauliza wanafunzi wa sayansi wa Juja: ni wangapi mmewahi kuifungua?

Lipo lalamiko la haki nisilotaka kulikwepa. Wafulani wa bonde la mto Senegal, na Wajola wa Casamance, hawakifurahii Kiwolofu kinavyowameza watoto wao mjini. Wanasema wametoka mikononi mwa Kifaransa wakaingia mikononi mwa jirani. Maneno hayo tunayasikia Kenya kuhusu Kiswahili, na Juja penyewe mpangaji kutoka Kisumu au Kitui huyasema kuhusu Kikuyu pale mwenye nyumba anapomjibu kwa lugha asiyoijua. Lugha kubwa ina deni. Ninapotaka Kiwolofu na Kiswahili zijuane sitaki zipatane kuzikanyaga nyingine, na yeyote atakayefanya kazi ninayoipendekeza aifanye akijua kwamba Kiserer na Kikamba nazo zinasubiri.

Kazi yenyewe ni hii. Katika maktaba zetu sijaona kamusi ya Kiwolofu na Kiswahili. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipa Kiswahili hadhi ya lugha ya kazi, na wenye chuo cha Umoja huo tuko nao hapa. Wanafunzi wawili, Mwolofu na Mswahili, wakikaa maktabani jioni moja kwa wiki, wanaweza kuanza na maneno ya shambani, ambayo chuo hiki kinayajua vizuri: gerte, karanga; dugub, uwele; ñebbe, kunde; mboq, mahindi; nag, ng'ombe; bëy, mbuzi; meew, maziwa; soow, maziwa mgando. Kila jina liandikwe na ngeli yake pande zote mbili, maana kamusi nyingi za haraka huacha ngeli na kumwacha msomaji hawezi kujenga sentensi. Tahajia ifuate ile sanifu ya Senegal, yenye ñ na ë na konsonanti ndefu, bila kuirahisisha kwa ajili yetu. Vinyambuo viwekwe chini ya shina, toggal chini ya togg, kama pikia ilivyo chini ya pika. Majina hayatawachukua muda mrefu. Vitenzi vitawachelewesha, kwa sababu lekk naa, maa lekk na dama lekk haviwezi kupewa fasili moja, na hapo Mswahili itabidi aweke kalamu chini amsikilize mwenzake akitoa mfano baada ya mfano mpaka sikio lielewe.